Dada Yangu na Chai ya Kopo Jekundu

Dada yangu alifariki Jumanne mchana, akiwa na miaka hamsini na minane, ameketi mbele ya cherehani kwenye chumba cha kushonea cha hospitali alikofanya kazi tangu ujana wake. Kwenye mazishi mchungaji alisema tumempoteza mama mkweli, ambaye ulimi wake haukujua kona. Alisema hivyo mara mbili, na mara ya pili alipandisha sauti. Nilikuwa nimekaa kando ya shemeji yangu, mume wa marehemu, nikamwona anainamisha kichwa na kuuma midomo, mabega yanatikisika. Mama mmoja wa nyuma yetu akampa kitambaa. Alidhani ni kilio. Sisemi shemeji hakulia siku ile, alilia mpaka sauti ikakauka, ila wakati ule hasa alikuwa anazuia kicheko, nami vilevile, Mungu atusamehe. Tulijua sisi wawili kwamba mama huyo mkweli alimdanganya mume wake asubuhi, mchana na jioni kwa miaka mitatu mfululizo, na kila mara alianza kwa kufumba macho na kuombea chakula.

Nimeona niliandike jambo hili mapema, maana watu wameanza kumfanya dada malaika, na sidhani kama kuna malaika anayejua kubandika kopo kwa gundi ya unga wa ngano.

Nianze na shemeji. Watu wote humwita Meneja. Alianza kama mpakuaji wa mizigo kwenye duka kubwa, lile la vikapu vya magurudumu, akapanda akawa mpanga rafu, kisha msimamizi wa wapanga rafu, na mwisho meneja wa zamu, mwenye tai na ufunguo wa stoo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha bidhaa zimegeuza uso kwa mteja, zilizokaa zaidi zimetangulia mbele, na hakuna iliyofunguliwa na mjanja ikafungwa tena. Kwa hili la mwisho alikuwa na sifa. Aliweza kupita mbele ya makopo mia moja, akasimama, akachomoa moja na kusema hili limeguswa.

Tabia hiyo aliirudisha nyumbani. Sebuleni kwao kulikuwa na kabati la vioo. Watu wengine kwenye kabati kama hilo huweka sahani za wageni na picha ya harusi. Meneja aliweka chakula. Chai ya kopo jekundu, kakao ya kopo la kahawia, siagi ya bakuli la njano, mafuta ya kupikia ya chupa yenye ua, sabuni ya unga ya boksi la buluu. Vyote vilikuwa vya majina makubwa, yale yanayotangazwa redioni kabla ya taarifa ya habari, na vyote vilitazama mlangoni kama wanakwaya. Kila Jumapili baada ya ibada alivua koti, akafungua kabati, akasoma tarehe za mwisho wa matumizi moja moja, akapanga upya. Mgeni akiingia alikaribishwa kiti kinachotazama kabati.

Halafu duka likafungwa. Walifika kazini asubuhi wakakuta mnyororo mlangoni na karatasi imebandikwa, yenye sentensi nne, ya mwisho ikiwashukuru. Meneja alirudi nyumbani kabla ya saa nne na tai shingoni. Alikuwa na miaka hamsini kasoro mwaka mmoja, umri ambao ukiomba kazi wanakuita mzee kwa heshima sana na kukuonyesha mlango.

Ukabaki mshahara mmoja, wa dada. Yeye kazi yake ilikuwa kushona mashuka ya wagonjwa. Shuka la hospitali huchakaa katikati, pale mwili unapolala, na pembeni hubaki zima. Dada alikuwa analikata shuka katikati kwa urefu, anageuza zile pembe nzima zikutane, anazishona, na ile sehemu iliyochakaa inakuwa pembeni ambako hailaliwi. Mgonjwa alilala juu ya mshono bila kuujua. Mtu wa kazi kama hiyo hakuumwa kichwa kuamua la kufanya na bajeti ya jikoni. Mwezi wa kwanza tu alikwenda sokoni, akanunua majani ya chai ya kupima kutoka kwenye gunia, akafungiwa kwenye mfuko wa nailoni uliopigwa fundo, akauweka mezani.

Meneja aliutazama ule mfuko. Hakugomba. Alikunywa nusu kikombe, akanyanyuka, akaingia chumbani, akalala ameuelekea ukuta. Alilala hivyo siku mbili. Hakunyoa, hakuoga, hakula kitu. Siku ya tatu dada alipomsihi angalau aseme kinachomuuma, alisema maneno mawili: "Hata chai."

Dada alinifuata kazini kwangu siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa naandikisha wagonjwa kwenye dirisha la zahanati. Aliinama kwenye kile kitundu cha kioo akaniambia kwamba mume wake anaweza kukosa kazi akanyanyuka, anaweza kukataliwa kwenye ofisi kumi akanyanyuka, lakini akiona nyumba yake imeshuka mpaka kwenye kikombe hatanyanyuka tena. Alikuwa amewahi kuona wanaume wa namna hiyo wodini, walioingia na miguu yao wakatoka wamebebwa, na hakuna ugonjwa ulioandikwa kwenye faili. Akasema, "Mdogo wangu, nikimwacha aendelee kutazama ukuta, nitamzika."

Kesho yake kopo jekundu lilirudi mezani. Meneja akalinusa, akanywa vikombe viwili, akanyoa, akavaa tai, akatoka kutafuta kazi.

Kopo lilikuwa jekundu kweli. Majani ndiyo yaliyotoka kwenye gunia.

Mtaani kwao alikuwapo dobi mmoja aliyezunguka kwenye nyumba za wakubwa kuchukua nguo. Dada alipatana naye: amshonee mashati ya wateja yaliyotoka vifungo, naye amletee makopo na chupa tupu kutoka majalala ya nyumba hizo. Kila wiki yalikuja yamefichwa katikati ya mashuka ya watu, na kwa kuwa wakubwa hula haraka, tarehe zake zilikuwa mpya kuliko za dukani. Hilo Meneja alilipenda sana. Alikuwa anasoma tarehe Jumapili, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anasema mke wake ana jicho la kununua.

Siku za Alhamisi dada alikuwa na zamu ya mchana, na asubuhi Meneja alikuwa kwenye vibanda vya fotokopi akitoa nakala za vyeti vyake. Huo ndio ulikuwa wakati wa kiwanda. Mafuta ya kupima yaliingia kwenye chupa yenye ua kwa faneli. Sabuni ya unga ya gunia iliingia kwenye boksi la buluu, akatia na chembe chache za sabuni ya bei mbaya juu kwa ajili ya harufu. Siagi ya ndoo aliichota kwa mwiko, akaisawazisha kwa kisu kilicholowekwa maji, akamalizia na kile kizungusho cha katikati ambacho mashine ya kiwandani huacha. Mimi nilimwona akikirudia mara tatu kwa sababu hakikukaa sawa.

Kazi ngumu ilikuwa makopo. Chini ya kifuniko cha kopo la chai kuna ile karatasi inayong'aa kama fedha, na Meneja hakukubali mtu mwingine aitoboe. Alipenda ule mlio, pfu, anapoingiza ncha ya kijiko. Alisema huo ndio uthibitisho. Basi dada akanunua roli ya karatasi ya kuokea, ile inayong'aa, akachora duara kwa mdomo wa bilauri, akapaka gundi ya unga wa ngano, akabandika, akapitisha pasi ya uvuguvugu kwa ubavu. Mara ya kwanza Meneja alipotoboa, mlio ulitoka. Dada aliniambia alilazimika kwenda uani kujifanya anaanua nguo.

Msidhani dhamiri haikumsumbua. Alikuwa mweka hazina wa umoja wa akina mama kanisani, hakuwahi kukosa hata sarafu. Alinishika siku moja akaniuliza kama ile amri ya kutomsingizia jirani uongo inahusu na mume, kwa kuwa mume si jirani. Nikamwambia amuulize mchungaji. Akaenda akamuuliza kwa mafumbo, eti ni dhambi gani ikiwa chombo kimeandikwa kitu kimoja nje na ndani mna kingine. Mchungaji akafurahi mno. Alidhani dada anazungumzia wanafiki, na Jumapili ya pili yake akahubiri saa nzima juu ya watu wenye lebo nzuri na moyo wa bei ya chini. Meneja aliyapenda mahubiri yale kuliko mahubiri yote aliyowahi kusikia. Mwezi mzima aliyarudia mezani akipaka siagi kwenye mkate.

Ubaya ni kwamba alipoona nyumba yake haijashuka alizidi kuwa na maneno. Alikuja kwangu siku moja, nikampa chai. Chai hiyo niliinunua kwa mwuzaji yule yule wa dada, wiki ile ile. Alionja, akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeweka kitu cha mgonjwa.

"Shemeji," akasema, "wewe ni mtu wa ofisi. Kwa nini unakunywa takataka za kufagia?"

Nikamwambia mshahara wangu ndio unaokunywa hizo. Akasema hapana, ni kutojipanga, nimtazame dada yangu: mshahara wa kushona mashuka, na bado anakunywa kopo jekundu. Dada alikuwa amekaa pale pale. Akanitazama, akasema kwa upole kwamba kweli mdogo wake tangu utoto alikuwa hajui kununua vitu. Nilimezea. Binti yao, aliyekuwa kidato cha pili wakati huo na aliyejua kila kitu kwa sababu ndiye aliyekuwa anakoroga gundi, alipaliwa na maji ikabidi apigwe mgongoni.

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka mitatu. Kilichobaki kwenye bajeti kililipa pango na ada ya binti, na Meneja kila asubuhi aliamka, akanyoa, akatoka. Dada hakutaka zaidi ya hapo.

Kisha ikaja barua. Kampuni inayosambaza chai ya kopo jekundu ilikuwa inatafuta mtu mzima, nadhifu, mwenye uzoefu wa maduka, wa kusimama na meza na birika kwenye maduka makubwa, awaonjeshe wateja na kuwaeleza kwa nini chai hii si kama nyingine. Meneja aliomba, wakamwita kwenye usaili Jumatatu ya wiki iliyofuata. Barua ilieleza kwamba kutakuwa na maswali, na baadaye mwombaji atawekewa vikombe vitano visivyo na alama, aonyeshe kipi ni kopo jekundu.

Meneja alicheka kwa furaha mpaka akakaa. Alisema ni sawa na kumtahini mtu jina la mama yake.

Dada alipanga foleni kwenye dirisha langu Jumanne ile kama mgonjwa, na kadi mkononi, kwa sababu msimamizi wangu alikuwa karibu. Alipofika mbele akanong'ona kwamba amemmaliza mume wake. Ulimi wa Meneja ulikuwa haujagusa kopo jekundu tangu duka lifungwe. Vikombe vitano vikipangwa, kidole chake kitakwenda moja kwa moja kwenye chai ya gunia, na atasema kwa sauti, mbele ya wakubwa, kwamba hiyo ndiyo. Nikamshauri amwambie ukweli. Akasema, "Yule bwana anaimba bafuni, sijamsikia akiimba tangu mnyororo ule, nimnyang'anye leo?" Akawa na wazo lingine. Siku sita zilikuwa zimebaki. Atanunua kopo la kweli, la dukani, na ulimi utajifunza.

Alilinunua kwa nauli yake ya wiki nzima, akawa anakwenda kazini kwa miguu. Jumatano asubuhi akaliweka mezani. Meneja akaingiza ncha ya kijiko, karatasi haikutoboka. Ilikuwa ya kiwandani, ngumu. Akasukuma, kijiko kikapinda. Akasema watu hawa wameanza kuharibu hata karatasi. Akanywa. Akaweka kikombe chini, akaligeuza kopo, akasoma maandishi yote mpaka anuani.

"Mke wangu, hili umelinunua wapi?"

Dada akamtajia duka.

"Wamekuuzia feki," Meneja akasema.

Alhamisi akaonja tena, akasema inakwaruza ulimi na haina moyo. Ijumaa hakumaliza kikombe. Dada akamwomba aizoee, huenda kampuni imebadilisha mchanganyiko. Akajibu kwamba chai hiyo anaijua miaka ishirini, haibadiliki, na mtu aliyekamata makopo yaliyochezewa kwa miaka kumi na saba hawezi kufundishwa na kopo moja. Jumamosi akaja na uamuzi wake: ataliviringisha kopo hilo kwenye gazeti, aende nalo kwenye usaili, aliweke mezani kwa wakubwa kabla hawajauliza swali la kwanza, awaonyeshe kwamba kuna watu mjini wanaghushi chai yao. Alisema hakuna mwombaji mwingine atakayekuja na zawadi ya namna hiyo. Kazi ameshaipata.

Jumapili baada ya ibada dada aliniomba niende naye nyumbani. Hakusema kama ananihitaji niwe shahidi au niwe nesi. Tulimkuta Meneja amepanga viatu vyake vya kesho, kopo limekwisha kuviringishwa na kuwekwa kwenye mfuko. Dada akaweka ubao wa pasi sebuleni, akaanza kunyoosha shati jeupe. Alinyoosha mkono mmoja, akaugeuza, akaurudia. Halafu akasema bila kuinua macho:

"Meneja, hilo kopo ni zima. Chai ya kopo jekundu ndiyo hiyo."

Meneja akatabasamu, akamwambia asiwe na wasiwasi, yeye hawezi kukosea.

"Ile nyingine ndiyo haikuwa yenyewe," dada akasema. "Miaka mitatu."

Hapo uso wa shemeji ulibadilika, lakini si kwa namna tuliyoitegemea. Alimsogelea dada, akamshika bega, akamwonea huruma. Wamekudanganya miaka mitatu, akasema, na wewe mteja wao wa kila mwezi. Akaanza kupanga namna ya kuwashtaki wenye duka. Ikabidi dada aweke pasi kando.

"Hakuna aliyenidanganya, mume wangu. Mimi ndiye niliyekuwa najaza."

Meneja aliondoa mkono begani. Alikwenda kwenye kabati, akafungua, akatoa bakuli la njano, akaliinua.

"Na hii?"

"Ya ndoo."

"Mafuta?"

"Ya kupima."

"Kakao?"

"Ya kwenye nailoni. Na sabuni ni ya gunia."

Aliinama akatoa kutoka rafu ya chini boksi la dawa ya meno. "Na hii?"

"Hiyo ni yenyewe," dada akasema. "Sikujua namna ya kuirudishia ndani ya tyubu."

Mimi nilitazama sakafu. Meneja akairudisha dawa ya meno mahali pake, uso wa boksi ukitazama mlangoni, akafunga kabati, akaingia chumbani. Tukasikia kitanda kinalia, kisha kinalia tena. Dada akasema kwa sauti ndogo, "Amegeukia ukuta."

Alirudi kwenye shati. Pasi ilikuwa imepoa, hakujali, aliendelea kuipitisha juu ya kola. Midomo yake ilikuwa inacheza, nikajua anasali, na nikaungana naye, ingawa sikuwa na hakika tunaomba nini. Huwezi kumwomba Mungu afufue uongo. Binti alichungulia kutoka jikoni, akaona sura zetu, akarudi. Saa ya ukutani ilikwenda dakika arobaini, nilizihesabu. Dada akasema kesho asubuhi ataenda mwenyewe kwenye ile kampuni kuwaomba wamsamehe mume wake kwa kutofika. Machozi hayakumtoka. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri daktari atoke.

Kisha mlango wa chumba ukafunguliwa. Meneja akasimama pale na fulana na soksi. Alikuwa hajanawa uso, macho mekundu, lakini alikuwa amesimama.

"Ile karatasi," akasema. "Uliibandika na nini?"

Dada akamweleza. Unga wa ngano, mdomo wa bilauri, pasi kwa ubavu.

"Uvuguvugu?"

"Ikiwa ya moto inanywea."

Meneja akatikisa kichwa polepole, kama anavyotikisa akisoma tarehe. Akauliza tarehe alizitoa wapi, akaambiwa habari za dobi. Akauliza kile kizungusho cha siagi, akaonyeshwa kisu. Akavuta kiti akakaa. Alisema kwa miaka kumi na saba alikuwa anasifiwa kwamba hakuna kopo lililochezewa linaloweza kumpita, kumbe mjanja mkubwa kuliko wote alikuwa analala naye kitanda kimoja. Alisema angemkamata dukani angemfukuza siku hiyo hiyo, na angesikitika sana kumpoteza mfanyakazi wa namna hiyo. Halafu akamuuliza kwa nini.

"Ulisema hata chai," dada akajibu. "Nikasema basi, isiwe chai."

Shemeji aliinamisha uso kwenye viganja. Alipouinua, hakusema amesamehe, wala dada hakuomba. Alisema, "Chemsheni maji. Wekeni zote mbili, msiniambie ipi ni ipi."

Tulimwekea vikombe mchana ule mpaka sukari ikaisha. Mara nne za mwanzo alichagua gunia. Mara ya tano akagundua njia: aonje vyote, atafute anayoipenda, aiache, halafu atafute ile inayomkwaruza, hiyo ndiyo yenyewe. Baada ya hapo hakukosea tena. Tatizo pekee lilikuwa uso, kwa sababu kila alipoinywa alikunja pua, na dada akamsimamia mbele ya kioo mpaka akajifunza kutabasamu nayo mdomoni.

Jumatatu alikwenda na tai yake, bila mfuko wa gazeti. Waombaji walikuwa wanane, wote wanasema wamekulia na kopo jekundu, na kati yao aliyekionyesha kikombe sahihi ni Meneja peke yake. Walimuuliza amejuaje. Akasema, "Hii hainidanganyi tena." Wakubwa wakaipenda sana sentensi hiyo. Wakampa kazi, na wakamtaka awe anaisema kwa wateja.

Amesimama na birika lile miaka tisa sasa, na aproni nyekundu, akiitolea ushuhuda chai ambayo hajawahi kuipenda. Kila mwezi walimpa kopo moja bure. Alimpelekea mchungaji. Nyumbani walikunywa ya gunia, ila kabati halikubadilika, kwa kuwa Meneja alisema wageni ni wageni. Tofauti ni kwamba yeye alibadilisha zamu yake ya Alhamisi, wakawa wanajaza wote wawili, na nasikia kwa kubandika karatasi alikuja kumpita mwalimu wake. Na kwangu alianza kunywa chai. Hakuwahi kuniomba radhi kwa yale maneno ya kufagia, lakini siku ya kwanza alimaliza birika zima, nami nikaihesabu kuwa radhi.

Mwezi mmoja baada ya mazishi alinijia akitokea kazini, na aproni bado kiunoni. Aliniuliza dada alikuwa ananunua chai wapi. Nikashangaa, nikamwambia ni pale pale ninaponunua mimi, si anainywa kwangu kila wiki. Akasema siyo. Ya kwangu inakaribia, ya nyumbani ilikuwa nyingine, na ile aliyoiacha marehemu imeisha.

Tukaenda sokoni pamoja. Mwuzaji alipoiona aproni nyekundu aliacha kufagia, akauliza kama kampuni imemtuma kumkagua. Alikuwa na magunia sita. Tulipomweleza alikumbuka mara moja, yule mama wa hospitali mwenye tepu shingoni. Akasema huyo hakuwa anapimiwa. Alikuwa anachota mwenyewe, kiganja hapa, viganja viwili pale, ananusa, anarudisha kidogo, anachota kule. Mwuzaji alimwachia kwa sababu alikuwa anachangamsha genge. Magunia mangapi? Hakujua. Yapi? Hakuwahi kutazama.

Meneja alinunua kidogo kutoka kila gunia, mifuko sita ya nailoni iliyopigwa fundo, akaibeba mkononi mtaa mzima bila kuificha.

Tangu wakati huo kila Jumamosi mchana tunachemsha. Anachanganya kwa kijiko, anaandika kwenye daftari, anaonja, anafumba macho. Jumamosi iliyopita alikaa na kikombe muda mrefu mpaka nikadhani tumefika.

"Karibu," akasema. "Lakini yeye alikuwa anaongeza kitu."

Nikamuuliza kitu gani. Akasema angekijua tusingekuwa tumekaa hapa. Akaandika tarehe kwenye daftari, akavuta mfuko wa gunia la tatu, nami nikaongeza maji kwenye sufuria.